Malipo ya mtoto mwenye ulemavu: Usingoje yakatike ndipo umtafute daktari

Na DAKTARI WETU

WAZAZI wengi humtafuta daktari wakati mambo yamekwisha haribika. Pesa za Inua Jamii zilizokuwa zikiingia hazionekani tena. Karani wa benki amesema jina halina malipo, chifu amesema iletwe karatasi mpya kutoka hospitali, na mama amembeba mgongoni mtoto wa miaka tisa ambaye shingo haijakaza na miguu imepindana kama mkasi. Anachotaka kwa daktari ni muhuri tu. "Niwekee hapa, daktari, niende. Foleni ya chifu hufungwa saa sita."

Ningetamani ingekuwa rahisi hivyo. Lakini, msomaji, karatasi ya ulemavu si kama barua ya kuomba mapumziko ya siku mbili kazini. Ni ushahidi, na ushahidi uliotayarishwa kwa haraka ndio unaowaangusha watoto wengi wanaostahili. Leo nitaeleza jambo hili kwa kirefu, nikiwafikiria hasa wazazi wa Karagita, ule mtaa ulio kando ya Barabara ya Moi South Lake karibu na mji wa Naivasha, ambako watu wengi hutegemea mashamba ya maua kwa riziki. Walio Kawangware, Manyani au Kisauni nao watajiona humu.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo huchanganywa kila siku.

La kwanza ni usajili wa mtoto kama mtu mwenye ulemavu. Kazi hiyo ni ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, ambalo liliundwa chini ya sheria ya mwaka 2003 na kudumishwa na sheria mpya ya watu wenye ulemavu iliyotiwa sahihi Mei 2025. Ili kusajiliwa ni lazima mtoto apimwe kwanza katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa na Wizara ya Afya kwa kazi hiyo. Daktari wa kibinafsi kama mimi naweza kuandika historia ya mtoto, tena yafaa niiandike, lakini barua yangu haichukui nafasi ya tathmini hiyo.

La pili ni pesa zenyewe. Mpango wa kuwasaidia watu wenye ulemavu mkali ulianza mwaka 2011, na sasa ni sehemu ya Inua Jamii pamoja na ule wa wazee na ule wa mayatima. Kiwango kimekuwa Sh2,000 kwa mwezi kwa zaidi ya miaka kumi. Mara huja mwezi kwa mwezi, mara hulimbikizwa. Kuwa na kadi ya NCPWD hakukuingizi katika mpango huu moja kwa moja. Mpango huu ni wa nyumba maskini ambayo ina mtu asiyeweza kuachwa peke yake, anayehitaji mlezi usiku na mchana, na nafasi zake hutegemea fedha zilizotengwa.

La tatu ni tathmini ya kielimu, inayofanywa na vituo vya Wizara ya Elimu ili kuamua mtoto aende shule gani. Nimeona wazazi wakipeleka karatasi hiyo kwa ofisi ya ustawi wa jamii wakidhani ni ile ya hospitali. Hurudishwa, na siku ya kazi imepotea.

Kwa nini basi mtoto apimwe tena, hali kila mtu anaona kuwa hatembei? Swali hili huulizwa kwa hasira, na ninaielewa hasira hiyo. Jibu ni kwamba daktari anayejaza fomu hutakiwa aseme kama ulemavu ni wa kudumu au ni wa muda. Mtoto mdogo aghalabu huandikiwa wa muda, kwa kuwa hakuna awezaye kujua kwa hakika mtoto wa mwaka mmoja na nusu atafikia wapi. Mbali na hayo, serikali huendesha uhakiki wa wanaolipwa mara kwa mara ili kuwaondoa waliofariki na majina ya uongo. Asiyejitokeza siku hiyo huhesabiwa pamoja nao.

UBONGO NA MWILI UNAOKUA

Chukua ugonjwa ninaouona zaidi kwa watoto wa namna hii, mtindio wa ubongo. Hutokana na ubongo kuumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miezi ya mwanzo: mtoto aliyechelewa kulia, umanjano mkali wa siku za kwanza ambao haukutibiwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe haliongezeki. Kwa sababu hiyo wazazi wengine, na hata wahudumu wengine wa afya, hudhani kwamba ukishampima mtoto mara moja basi umempima kwa maisha yake yote.

Sivyo. Misuli iliyokaza huvuta mifupa inayokua. Goti ambalo lilinyooka akiwa na miaka mitatu, akiwa na saba halinyooki. Takriban mtoto mmoja kati ya watatu wenye mtindio wa ubongo nyonga yake huanza kuhama kutoka mahali pake, na wengi wao hawawezi kusema wapi panauma. Mgongo hupinda. Kifafa huwapata karibu mmoja kati ya wanne. Zaidi ya hayo, mtoto huwa mzito. Mama aliyeweza kumwogesha kwa mkono mmoja sasa anahitaji mtu wa pili, na mgongo wa mama nao umeanza kulalamika. Kwa hiyo tathmini ya pili mara nyingi itaonyesha mzigo mkubwa kuliko ile ya kwanza. Ukiiendea bila woga, huenda ikakufaa: nyonga iliyohama hugunduliwa, na ukapata rufaa ya kiti cha magurudumu ambacho baraza husaidia kukitoa kupitia mfuko wake wa maendeleo.

Hapa ndipo nataka kusema juu ya jambo ambalo sijaliona likiandikwa mahali popote, nalo huwaponza akina mama kuliko kukosa fotokopi. Ni adabu yao.

Daktari huuliza, "Mtoto anaendeleaje?" Mama hujibu, "Tunamshukuru Mungu, anaendelea vyema." Ni jibu jema, ndilo tulilofunzwa tangu utotoni, nani humwambia mgeni kwamba nyumbani kwake kumeharibika? Lakini daktari wa jopo ana watoto thelathini nje, na anaandika alichosikia: hali inaendelea kuimarika. Mtoto naye ameogeshwa, amepakwa mafuta, amevalishwa sweta ya Jumapili na kulala fofofo kwa sababu hakulala usiku kucha. Anayeangalia haoni taabu yoyote. Mstari huo mmoja kwenye fomu husomwa na mtu aliye mbali ambaye hajamwona mtoto kamwe.

Kwa hiyo mshukuru Mungu, kisha endelea kusema. Eleza siku mbaya ilivyo. Anapolishwa uji, kikombe kimoja humalizika kwa dakika ngapi? Anapaliwa? Amelazwa kwa nimonia mara ngapi tangu mwaka jana? Hutumia nepi ngapi? Nani hubaki naye ukienda msalani? Usiku humgeuza mara ngapi ili asipate vidonda? Haya si malalamiko. Ndiyo maelezo ya kitabibu tunayoyahitaji, na hakuna mashine ya kuyapima.

Shauri langu ni kuwa na daftari la shilingi chache. Miezi mitatu kabla ya tathmini andika humo kila siku, hata mistari miwili tu. Degedege ikimpata, andika saa iliyoanza na iliyokwisha, na kama kuna mtu mwingine nyumbani apige video kwa simu. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumbani kwako naye aandike tarehe na sahihi humo, kwa kuwa ameyaona kwa macho yake. Daftari moja kama hilo nililoletewa na baba wa mtoto lilinifaa kuliko picha za kichwa walizolipia kwa mkopo.

Sasa upande wa pili wa shilingi. Wako wazazi wachache ambao wameambiwa na majirani kwamba mtoto akionekana mzima atakataliwa, basi siku chache kabla ya kupimwa humwachisha dawa ya kifafa. Nawasihi msifanye hivyo kabisa. Dawa kama phenobarbitone ikikatwa ghafla, degedege linaweza kuja moja baada ya jingine bila kupumzika, na hali hiyo huua au huharibu sehemu ya ubongo iliyokuwa imesalia. Degedege lolote linalozidi dakika tano ni la kukimbizwa hospitali, si la kupigwa video tena. Wala hakuna haja ya hila hiyo. Mtoto anayetulia kwa dawa bado ni mtoto mwenye kifafa, na jopo linajua hivyo likionyeshwa kadi ya kliniki yenye tarehe za kuchukua dawa.

JINA LA UGONJWA HALITOSHI

Yuko mzazi atakayesema: mtoto wangu ana selimundu, hulazwa kila mara, mbona nimeambiwa si mlemavu? Swali hili ni la kweli hapa Karagita, kwa maana familia nyingi zimetoka magharibi mwa nchi na Nyanza, sehemu ambako ugonjwa huo uko kwa wingi.

Kinachopimwa ni kile ambacho mtoto hawezi kukifanya na kwa muda gani, si jina la ugonjwa. Mtoto mwenye selimundu anayekwenda shule na kucheza baina ya vipindi vya maumivu, kwa kawaida hatapewa daraja la ulemavu mkali. Lakini mwenzake ambaye damu iliganda kichwani akapooza upande mmoja, au ambaye mfupa wa nyonga umekufa asiweze kutembea, huyo ana ulemavu unaoonekana na unaopimika, na uandikwe hivyo. Kadhalika na kisukari, ugonjwa wa moyo au wa figo. Mwulize daktari wa kliniki aandike madhara yaliyobaki mwilini, si jina la ugonjwa pekee. "Ana selimundu" ni maneno mawili yasiyomsaidia mtoto. "Amepooza mkono na mguu wa kulia tangu alipopatwa na kiharusi, hawezi kuvaa wala kwenda msalani bila kusaidiwa" ni jambo jingine kabisa.

Nitasema pia kwa uwazi kwamba wako watoto ambao hupata nafuu ya kweli. Mguu uliopinda tangu kuzaliwa hunyooshwa kwa plasta na viatu maalum. Mtoto aliyeandikiwa ulemavu akiwa na miezi sita anaweza kuja kupimwa tena huku akikimbia. Huyo akiondolewa katika orodha, tufurahi. Nafasi yake yuko anayeingoja.

Kazi ya maua imeleta ugumu wake katika habari hii. Masharti ya mpango yanataka nyumba isiwe na mtu mwenye ajira ya kudumu au malipo ya uzeeni. Mama anayefungasha waridi kwa mkataba ana hati ya mshahara, hata kama mshahara wenyewe unamalizwa na kodi ya chumba na mtu wa kumwangalia mtoto. Anaonekana ana kazi. Basi huhesabiwa kuwa anajiweza, huku vituo vingi vya kulelea watoto mtaani vikikataa mtoto anayelishwa kwa kijiko akiwa na miaka saba. Ataacha kazi ili amtunze, ndipo astahili Sh2,000, ambazo hata nepi hazizitoshi. Sijui nani alikaa akaona hesabu hii ni sawa. Mimi daktari sina dawa yake, ila nakuambia hivi: hali yako ya kazi ikibadilika, mkataba ukiisha au ukiacha kwa sababu ya mtoto, pata barua ya mwajiri yenye tarehe na uipeleke kwa ofisi ya ustawi wa jamii. Usidhani watajua wenyewe.

Ugumu mwingine ni wa nyumbani na mtaani. Malipo haya hupangwa kwa lokesheni, na watu wa Karagita wana makwao mawili. Mtoto alisajiliwa Busia au Kakamega akiwa na nyanya yake, kisha akaletwa Naivasha apate mazoezi ya viungo. Nyanya ndiye mlezi aliyeandikwa, alama za vidole ni zake, na tangu mwaka 2018 malipo yalipohamishiwa kwenye akaunti za benki, akaunti nayo ni yake. Nyanya akifariki, pesa hukwama. Uhakiki ukifanywa kijijini, mtoto hayuko. Ukifanywa Karagita, jina haliko. Mtoto akihama, mlezi akibadilika au akifariki, ripoti kwa chifu wa mahali pote pawili na uhakikishe badiliko limeandikwa katika mtambo, si katika daftari la chifu tu. Chukua kitambulisho cha mlezi mpya na, kama kuna kifo, cheti cha kifo. Tena, mlezi ambaye vidole vyake vimechakaa kwa jembe au kwa maji na dawa za shambani huenda mashine ikamkataa. Aombe ijaribiwe kwa vidole vingine kabla hajaondoka kwenye foleni.

Na maji ya ziwa nayo. Ziwa Naivasha lilipofurika mwaka 2020, na tena mwaka 2025 lilipoingia nyumba za mtaa wa Kihoto, wako waliotoka na godoro na mtoto pekee. Vyeti vilibaki ndani. Weka karatasi zote katika mfuko mmoja wa nailoni usiopenya maji: cheti cha kuzaliwa, kadi ya NCPWD, ripoti ya tathmini, kadi ya kliniki, nakala ya kitambulisho chako. Kisha zipige picha kwa simu na umtumie mtu unayemwamini, au uziweke katika barua pepe yako ukisaidiwa pale saiba. Hata picha yenye nambari za usajili hurahisisha kutafuta hati nyingine.

Kuhusu siku yenyewe ya kupimwa, usiende hospitali ya Naivasha au nyingine yoyote kwa kubahatisha. Jopo halikai kila siku. Uliza kwanza siku ya jopo, fomu ipi inahitajika na kama usajili unaanzia kwenye mtandao. Anza miezi mitatu kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye ripoti ya zamani. Kama mtoto ana ulemavu wa aina mbili, tuseme hatembei na pia hasikii, sema mapema, kwa kuwa masikio hupimwa na mtaalamu mwingine na huenda ikawa siku nyingine. Dawa za siku hiyo mpe kama kawaida, na ubebe uji wake.

UKIKATALIWA

Ukiambiwa mtoto hastahili tena, usiondoke na neno la mdomo. Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Liombe hilo kwa upole, lakini liombe. Karatasi yenye sababu hunisaidia mimi daktari kujua nini kilikosekana: kama ni kitabibu, mtoto apelekwe kwa mtaalamu wa watoto au wa mishipa ya fahamu na tathmini irudiwe, kama ni habari ya kipato au makao, hapo ripoti yangu haina kazi, na safari yako ni ya ofisi ya ustawi wa jamii pamoja na majirani watakaokushuhudia. Wazazi wengi hunijia mara tatu wakitaka barua ya daktari kwa tatizo ambalo halikuwa la daktari tangu mwanzo.

Jambo la bima nalo ni mbali kabisa. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na mtoto hana budi kuandikwa chini ya mzazi au mlezi humo. Inua Jamii kusimama hakumwondoi mtoto SHA, wala kulipwa Inua Jamii hakumaanishi kwamba michango ya SHA imelipwa.

Swali la mwisho ambalo huulizwa na wenye watoto waliokwisha pevuka: itakuwaje akifika miaka 18? Nchi nyingi huweka mpaka katika umri fulani. Afrika Kusini ruzuku ya mtoto anayehitaji uangalizi hukoma akifika 18, na ni lazima aombe ile ya watu wazima. Uingereza karatasi hubadilika akiwa na miaka 16. Hapa kwetu, mwenye ulemavu mkali haachi kustahili kwa sababu ya umri. Kinachomkwamisha ni kitambulisho, kwa maana cheti cha kuzaliwa pekee hakitamtosha tena mtu mzima. Kijana asiyeweza kukaa wala kufungua kiganja cha mkono atapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole kwa shida, na pengine itabidi maafisa waombwe wamfuate nyumbani. Nenda kwa chifu ulizungumze hilo akiwa bado na miaka 17, ukiwa na kadi yake ya NCPWD na barua ya daktari inayoeleza kwa nini hawezi kuletwa ofisini. Barua hiyo ninaweza kukuandikia siku hiyo hiyo.